Kasri tunalo. Shida ni vile tunalisimulia

Kila nikiweka picha ya Kasri la Grogan kule Taveta, kuna watu wawili hawakosi. Wa kwanza anaandika "Manze ni kama Ulaya!" na vile vikatuni vya macho ya mapenzi. Wa pili analeta klipu ya kasri la Japani, jeupe kama maziwa, maua yamechanua mbele yake, halafu anauliza, "Sisi tutafika lini?" Nishachoka kuwajibu mmoja mmoja. Leo nawajibu wote pamoja, na kama una haraka jibu lenyewe ni hili: kasri tunalo, bustani tunayo, chakula tunacho. Kitu hatuna ni ujasiri wa kusema nani alilijenga, juu ya ardhi ya nani, na kwa mkono wa nani.

Najua tayari kuna mtu ananiandikia "wewe ni kijana wa Wundanyi, Taveta inakuhusu nini?" Tulia. Inanihusu kwa sababu mimi kazi yangu ni hii, safari za siku moja ndani ya kaunti yetu, na swali ninaloulizwa zaidi na watu wa Mombasa na Nairobi ni "nikitoka huko juu, naenda wapi tena?" Jibu langu limekuwa Girigan kwa miaka miwili sasa.

Nianze na hao Wajapani, kwa sababu watu wanawataja bila kuangalia wanachofanya. Mimi Japani sijafika, pasipoti yenyewe sina, lakini kusoma nasoma. Kuna mji unaitwa Himeji, kama saa moja hivi kwa treni ya kawaida kutoka Osaka. Mtu anashuka asubuhi, anatembea barabara moja iliyonyooka kutoka stesheni mpaka langoni, anapanda kasri lililokamilika mwaka 1609, anavuka kando hapo kwenda bustani ya Koko-en, halafu anaenda kula. Na bustani yenyewe, sikiza, si ya kale. Ilifunguliwa 1992. Kuna watu wazima hapa Wundanyi waliozaliwa kabla ya hiyo bustani. Chakula ni cha pale pale: mkunga wa baharini aliyechomwa, au oden, mchanganyiko uliochemshwa kwenye supu, ambao watu wa Himeji wanaula kwa sosi ya soya na tangawizi tofauti na wenzao. Jioni mgeni amerudi Osaka, na pesa yake imebaki Himeji.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo kila mtu anaiona. Sasa sehemu ambayo haionekani kwenye klipu.

Kwenye ukuta wa Himeji kuna jiwe moja dogo limezungushiwa wavu. Si jiwe la kujengea, ni jiwe la kusagia. Wanasimulia kwamba bwana mkubwa wa enzi hiyo, Hideyoshi, aliishiwa na mawe wakati wa ujenzi, na mjane mmoja maskini akatoa jiwe lake la kusagia, kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa riziki. Mpaka leo jiwe la bibi lina kibao chake. Ukitembea kidogo unakuta kisima cha Okiku. Okiku alikuwa mtumishi wa nyumbani. Hadithi inasema alisingiziwa kupoteza sahani, akateswa, akauawa, akatupwa kisimani. Usiniambie ati hizo ni hekaya tu. Najua ni hekaya. Point yangu ni kwamba ndani ya kasri la wakubwa, kivutio ambacho watu wanapigania kupiga picha ni kisima cha mfanyakazi wa ndani aliyeonewa. Jina lake wanalijua. Wanamwambia mtoto wa shule, wanamwambia mtalii, na hakuna aliyerudi nyumbani akilia kwamba safari imeharibiwa.

Sasa twende kwetu.

Kama hujawahi kufika: Girigan ni kilima kidogo nje ya mji wa Taveta, njia ya kwenda Ziwa Jipe. Juu yake Mwingereza Ewart Grogan alijijengea nyumba kubwa miaka ya 1930, nyeupe, ya mawe, yenye matao na veranda za kutazama mbali. Na inatazama kweli. Siku mawingu yakiondoka unaona Kilimanjaro upande mmoja, milima ya Upare upande mwingine, ziwa linang'aa chini, na katikati tambarare yote ambayo ilikuwa mashamba yake ya mkonge. Mtu akisimama pale anaelewa mara moja kwa nini ilijengwa pale. Unaweza kumwona kila mtu anayekufanyia kazi.

Hadithi mnayoijua ni ya mapenzi. Kijana Grogan alimpenda binti anaitwa Gertrude, baba wa kambo wa binti akamtilia shaka, basi jamaa akaapa kuonyesha uanaume wake kwa kutembea kutoka kusini mwa Afrika mpaka Kairo. Akatembea kweli, kati ya 1898 na 1900, akarudi, akaoa. Kila video ya Kasri la Grogan ina hiyo hadithi. Ina muziki wa piano. Ina droni inayozunguka taratibu jua likizama. Mwishoni wanandoa wa kukodi wameshikana mikono.

Sikatai kwamba alitembea. Nauliza tu, hema lilibebwa na nani? Chakula? Bunduki? Mwenzake aliyeanza naye, Mzungu anaitwa Sharp, aliishia njiani na jina lake tunalo. Wapagazi waliotembea kwa miguu hiyo hiyo, wakiwa na mizigo kichwani, majina yao yako wapi kwenye video zenu? Au wao hawakuwa na wapenzi?

Na kile kitabu Grogan alichoandika baada ya safari, kilichotoka mwaka 1900, hakina mapenzi peke yake. Ndani yake anapendekeza kabisa kwamba Mwafrika awekewe utaratibu wa kazi ya kulazimishwa, kwa faida yake mwenyewe ati. Ni maneno ya mtu ambaye baadaye alikuja kumiliki mashamba yanayohitaji mikono mingi. Hapo unganisha mwenyewe.

Halafu kuna Machi 1907. Hii ndiyo sehemu ninayotaka muikumbuke, kwa sababu ndiyo ambayo inakatwa kila mara. Grogan wakati huo alikuwa mwenyekiti wa chama cha walowezi. Aliwachukua Wakikuyu watatu, wavuta rikisho, akidai waliwakosea heshima wanawake wa Kizungu. Akawapeleka mpaka mbele ya mahakama ya Nairobi, umati wa walowezi ukiwa umejaa, hakimu akijaribu kumzuia, na akawacharaza viboko hadharani. Mbele ya mahakama! Hakutafuta kichaka. Alichagua mlango wa sheria makusudi, ili kila mtu ajue sheria ni nani. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Maisha yake yakaendelea vizuri tu, akawa mtu mkubwa kwenye baraza la kutunga sheria la koloni, akajenga hoteli ya Torr's pale Nairobi, na mji ukampa barabara. Vijana wa magari mnaijua: leo ni Kirinyaga Road, lakini ukitaka spea bado unasema unaenda "Grogan". Tunamtaja kila siku tukitafuta breki za Probox na hatujui tunamtaja nani.

Mimi niliiweka hiyo ya 1907 kwenye video. Sekunde arobaini. Nilikuwa nimepewa kazi na mtu wa biashara ya safari, simtaji, si mwenye kasri na si mtu wa serikali, ni mtu anayeuza safari za wikendi. Akaangalia, akanipigia. "Kaka, kazi safi, lakini toa hiyo ya viboko. Watalii hawataki huzuni. Lete vaibu ya mapenzi." Nikamwambia sitoi. Akasema basi hanilipi nusu iliyobaki. Hajanilipa mpaka leo. Siandiki ili mmtafute, msimtafute. Naandika kwa sababu alichosema ndicho wengi wenu mnachoamini kimya kimya: kwamba ukweli unafukuza wageni.

Kwani Fort Jesus inaingiza watu kwa sababu gani? Waingereza waliigeuza jela kuanzia 1895 mpaka 1958, na hiyo inasimuliwa, na foleni ya watoto wa shule haijawahi kukatika. Zanzibar, pale kanisa la Anglikana lilipojengwa juu ya soko la watumwa, mtu anashuka kwenye vile vyumba vya chini vya kuinama, anatoka amenyamaza, na bado kesho analeta mwenzake. Shimoni kwenye pango, vile vile. Watu wanalipa kuona mahali ambapo jambo la kweli lilitokea. Kitu wanachokichoka haraka ni droni na piano.

Nataka nikae kidogo kwenye ardhi, kwa sababu hapo ndipo mapenzi ya Grogan yanaisha na yetu yanaanza.

Kaunti hii ni kubwa, kilomita za mraba zaidi ya 17,000. Nyaraka za kaunti yenyewe zinasema karibu asilimia 62 ni Mbuga za Tsavo, ambazo zilitengwa 1948. Asilimia 24 hivi ni ranchi na mashamba makubwa. Kinachobaki kwa mtu wa kawaida kulima ni kama asilimia 12. Ndiyo maana huku Wundanyi shamba la mtu limening'inia kwenye mteremko kama shati kwenye kamba, na sukuma wiki za jirani zinaanza pale zako zinapoishia. Ndiyo maana ndovu akivuka kule Mwatate au Bura hatuwezi kusema amepotea njia. Sisi ndio tumebanwa kwenye kona ya kwake.

Na watu hawakunyamaza. Mwaka 1939 Wadawida waliunda chama, Taita Hills Association, kwa ajili ya hiyo hiyo ardhi. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikakipiga marufuku pamoja na KCA ya Wakikuyu na chama cha Wakamba, na viongozi wa vyama hivyo wakapelekwa kizuizini Kapenguria. Kapenguria, ndiyo, miaka zaidi ya kumi kabla ya kina Kenyatta kupelekwa huko. Nilimaliza fomu four hapa hapa Taita na hakuna siku nilifundishwa hilo. Nilijua miaka ya vita vya Napoleon.

Piga hesabu ya miaka. Kasri linajengwa miaka ya 1930. Chama cha kudai ardhi kinaundwa 1939. Si historia mbili hizo. Ni nyumba moja na kelele iliyokuwa nje ya dirisha lake.

Kule Taveta malalamiko ya ardhi hayajawahi kuisha. Mashamba ya Grogan yalipita kwa wenye wengine, kasri lenyewe likaja kuwa la Basil Criticos, ambaye pia alikuwa mbunge wa Taveta, na vizazi vya watu vimezaliwa na kuzikwa kwenye maeneo hayo wakiitwa maskwota. Nani anadai nini kisheria, hayo yana mahakama zake na siingii. Lakini huwezi kusimama kwenye veranda ile, ukaonyesha tambarare yote ile kwa mkono, na usiseme kwamba chini pale kuna swali.

Naona wale wa "ni mali ya mtu binafsi" wameshika simu. Ndiyo, ni mali ya mtu. Na nisema haki: lisingekarabatiwa, leo pangekuwa na popo na mbuzi. Lilikuwa linaporomoka. Aliyetia pesa yake pale anastahili kutoza mlangoni na kuuza soda bei anayotaka. Hata Himeji iliwahi kuuzwa kwa mtu binafsi. Miaka ya 1870, utawala wa masamurai ulipoanguka, waliipiga mnada kwa yen 23 na ushee, na ilikuwa ibomolewe kama gharama ya kubomoa isingemshinda mnunuzi. Sina shida na hati miliki. Ila hati ya nyumba haiandikwi viboko vya 1907 wala mgongo wa mkata mkonge. Hivyo si vya mwenye nyumba kuvificha, na zaidi sana si vya sisi wapiga video kuvificha kwa niaba yake, wakati pengine hata hajatuomba.

Wengine watasema nataka Grogan afutwe. Hapana bwana, mwacheni akae. Semeni yote. Semeni pia kwamba alitoa ardhi kwa hospitali ya watoto kumkumbuka mkewe, Gertrude's kule Muthaiga, iliyoanza 1947, na kuna watoto wengi wamepona pale. Mtu anaweza kuwa mambo mawili. Mimi nakataa tu kuambiwa nichague lile lenye piano.

Babu yangu mzaa mama alikata mkonge. Si kwa Grogan, kwa shamba lingine la huku kwetu, lakini mkonge ni mkonge. Jani lina mwiba kwenye ncha kama sindano ya gunia. Unakata, unaondoa mwiba, unafunga mafungu, unahesabiwa mafungu. Utomvu wake unawasha ngozi mpaka usiku hulali. Kipande chako kinawekwa alama siku ukimaliza idadi, na usipomaliza, siku hiyo hukuishi kwa hesabu za shamba. Hayo aliyasema akiwa amekaa, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekueleza vile mvua ilinyesha. Wazee wa namna hiyo Taveta bado wapo, wachache. Mtoto aliyezaliwa kwenye laini za mkonge wakati kasri ni jipya sasa hivi ana miaka 90. Makumbusho ya Taifa, kaunti, chuo chochote kile, mtu yeyote mwenye kinasa sauti: hawa hawatungoji tumalize mkutano.

Njia ya kwenda huko nayo ni darasa, na tunaipita tumelala na miwani. Ukitoka Mwatate, ukapita Bura, Maktau, ukakata katikati ya mbuga, unafika Mbuyuni, halafu Salaita. Ule mlima mdogo kando ya barabara, tarehe 12 Februari 1916, Waafrika Kusini weupe waliupanda wakiwadharau Wajerumani na askari wao weusi. Walipigwa wakakimbia, na waliowaokoa ni Wabaluchi wa jeshi la India, wale wale waliokuwa wakiwaita makuli. Hiyo hadithi peke yake ingetosha filamu. Lakini tunayosimulia ni ya mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani ya mbuyu akiwadungua Waingereza. Mzungu mmoja kwenye mti ana hadithi. Wapagazi wa Kariakoo waliokufa kwa makumi ya maelfu kwenye vita hivyo, kwa kuhara, njaa na mizigo, hawana.

Nenda makaburi ya vita pale Taveta mjini. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa, jina, cheo, tarehe. Mazuri. Mpagazi hana jiwe. Na hili silisemi mimi mwanaharakati wa Wundanyi: mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba Waafrika wengi hawakuenziwa sawa na wenzao Wazungu. Wenye makaburi wamesema. Sisi tunaogopa nini?

Sasa, nisije nikaonekana namwangalia Grogan tu. Huku juu kwetu tunafanya baya zaidi.

Wadawida wa zamani walikuwa wakimzika mtu, na baada ya muda wanafukua, wanachukua fuvu, wanaliweka kwenye pango la ukoo pamoja na wenzake. Mapango hayo yako hapa hapa, mengine dakika chache kutoka stendi ya Wundanyi. Hao si "mafuvu ya Taita". Ni babu na bibi za watu wanaouza nyanya pale sokoni. Na kila wikendi naona mtu ameshika fuvu mkononi kama kombe la ligi, anacheka, maneno chini yake "place creepy sana, twende wote". Ndugu zangu. Kwenye kasri la Himeji, jengo la mbao tu, mgeni anavua viatu mlangoni, anavibeba kwenye mfuko, anapanda ngazi na soksi. Kwa heshima ya sakafu! Wewe umemshika mama ya mtu kichwa na umevaa buti.

Nendeni mapangoni, sijakataza. Ulizeni ukoo wenye pango, lipeni mzee atakayewapeleka, msiguse, msihamishe. Mzee huyo atakueleza na fighi pia, misitu midogo ya matambiko ambayo hata kuni hukuokota. Hiyo fighi, kwa taarifa yako, imelinda miti kuliko mabango mengi. Hapo ndipo bustani yetu ilipo. Si lazima maji yapite chini ya kidaraja chekundu. Nenda Ngangao asubuhi, ukungu bado uko kwenye mashina, usimame kimya dakika kumi. Kuna ndege mle ndani, kama apalisi wa Taita, ambaye dunia nzima hapatikani pengine isipokuwa kwenye vilima hivi na yuko kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Chuo Kikuu cha Helsinki kimeweka kituo cha utafiti hapa Wundanyi. Kuna Mfini anajua miti ya Ngangao kwa jina, na kijana wa Werugha anajua maua ya cheri ya Japani.

Chakula sitasema sana, nina hasira na njaa kwa pamoja. Mtu anatoka Mombasa kuja milimani, anaulizia chakula cha huku, anapewa chipsi. Viazi vimetoka mbali, mafuta yametoka mbali, kuku ametoka kwenye friza. Kimanga kiko wapi? Muhogo au ndizi au viazi vitamu, kila nyumba na yake, kimepondwa na maharagwe mpaka kikashikana, kando yake mboga za shambani na maziwa ya mgando. Mama mmoja sokoni ananipikia nikimwambia siku moja kabla. Siku moja kabla! Chakula chetu wenyewe kimekuwa cha oda maalum kama keki ya harusi. Ukiuliza mahoteli wanasema wageni hawakiulizii. Wageni watakiuliziaje na hakiko kwenye menyu? Mtu wa Osaka hakuzaliwa anajua oden ya tangawizi. Aliikuta imeandikwa mlangoni. Na Taveta ndizi zake zinalisha Mombasa na Nairobi, samaki wa Jipe wapo, lakini mgeni wa kasri anakuja na chakula chake kwenye kibaridi, anakula kwenye gari, anatuachia chupa.

Kwa hivyo wewe wa "tutafika lini", anza Jumamosi hii. Toka Wundanyi na gari la kwanza, shuka Mwatate, ngoja la Taveta upande wa pili wa barabara. Kaa dirisha la kushoto. Salaita inakuja baada ya kutoka mbugani, usisinzie. Taveta pitia makaburini kwanza, ni bure, halafu kula ndizi na samaki sokoni, halafu shika boda mpaka Girigan na muelewane bei kabla hujapanda. Ondokeni pale mapema, magari ya kurudi huku juu jioni ni ya kubahatisha. Video yangu kamili, pamoja na zile sekunde arobaini, iko juu tangu jana. Na ukiwa pale kwenye veranda, mwongozaji akimaliza ile ya mapenzi, muulize kwa adabu tu: wafanyakazi walilala wapi? Halafu njoo uniandikie amekujibu nini.